Kamoinge na Adabu ya Kukosoana

Kinyozi hajinyoi. Methali hii yawahusu wenye sanaa wote, lakini yamhusu mpiga picha kuliko wengi. Alipoinua kamera yake barabarani alisikia sauti za watu, akaona jua likitua, akaguswa moyo na jambo lililompitia mbele. Yote hayo yalibaki barabarani. Karatasi ilichukua nuru na kivuli tu. Hata hivyo mwenye picha, kila aitazamapo, huyaona pale mambo ambayo hayamo, maana kumbukumbu yake huyaongeza. Jicho la mtu mwingine halina kumbukumbu hiyo. Huona kilichomo, na hukosa kuona kisichokuwamo. Kwa sababu hiyo, tangu zamani wapenda picha wamekusanyika ili kutazamiana kazi.

Lakini jicho la mwingine nalo lina maradhi mawili. La kwanza ni mapenzi: apendaye chongo huita kengeza, na sifa za rafiki zaweza kumlaza msanii usingizi wa miaka. La pili ni kiburi, mtu anapokosoa ili aonekane yeye kuwa mjuzi, wala si ili picha ijayo iwe bora. Namna ya kuyaepuka maradhi haya mawili kwa pamoja ni swali gumu. Kikundi kimoja cha New York, kilichojipa jina kutoka Afrika ya Mashariki, kilijaribu kulijibu kwa matendo.

Kabla ya kikundi hicho palikuwa na desturi ndefu. Chama cha wapiga picha kiliundwa London mwaka 1853, na katika miongo iliyofuata vyama vya ridhaa vikaenea Ulaya na Marekani. Aghalabu hukumu ya vyama hivyo ilikuwa ya mahakimu na medali: picha ilipangwa ukutani, ikatazamwa, ikapewa daraja. Mwenye picha alijulishwa kwamba ameshinda au ameshindwa; mara nyingi hakujulishwa kwa nini. Kuanzia mwaka 1897 Alfred Stieglitz alilihariri jarida la Camera Notes kwa ajili ya Camera Club ya New York, akataka upigaji picha uhesabiwe miongoni mwa sanaa kubwa. Alifaulu sana, lakini kwa mkono wa mtu mmoja mwenye kuchagua na kukataa. Ugomvi ukazuka, na mwaka 1902 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Photo-Secession.

Njia nyingine ilijaribiwa na Photo League, chama kilichoanza New York mwaka 1936. Huko watu wa kipato kidogo walijifunza kutumia kamera, wakaenda mitaani, wakarudi na picha za kujadiliwa. Mwalimu Sid Grossman alisifika, na aliogopwa pia, kwa ukali wa ukosoaji wake. Mwaka 1947 Serikali ya Marekani ilikiweka chama hicho katika orodha ya vyama vilivyoshukiwa kuwa vya kuipinga nchi, na mwaka 1951 kikafungwa. Mafunzo yake hayakufa, kwa kuwa W. Eugene Smith, aliyewahi kuwa rais wake, baadaye alimfundisha kijana mmoja Mweusi kutoka Richmond, Virginia, aliyefika New York mwaka 1957. Kijana huyo aliitwa Louis Draper.

Mwaka 1963 Draper na wenzake, miongoni mwao Albert Fennar, Ray Francis, James Mannas, Herbert Randall na Shawn Walker, waliunganisha vikundi viwili vidogo kuwa kimoja. Ndio mwaka wa maandamano makubwa ya Washington, na ndio mwaka ambao bomu liliwaua wasichana wanne kanisani Birmingham, Alabama. Roy DeCarava, mzaliwa wa Harlem wa mwaka 1919, alikubali kuwa mkurugenzi wa kwanza. Yeye alikuwa mpiga picha wa kwanza Mweusi kupata tuzo ya Guggenheim, mwaka 1952, na mwaka 1955 alikuwa ametoa kitabu pamoja na mwandishi Langston Hughes. Wengi wa wenziwe hawakuwa na jina hilo, na si wote walioweza kupata riziki kwa picha. Magazeti makubwa hayakuwa na haja nao, na wahakiki wa sanaa hawakuwatazama. Hawakudhulumiwa kwa hukumu mbaya tu. Walidhulumiwa zaidi kwa kukosa hukumu yoyote.

Jina la kikundi lastahili kutazamwa kwa makini. Fennar alilitoa katika kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichochapwa mwaka 1938. Kamoinge ni neno la Kikuyu lenye maana ya kundi la watu watendao jambo kwa pamoja. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kulitambua shina lake, kwani ni lile lile la wengi na mengi, na kiambishi ka- cha mwanzo kinafanya udogo, kama ki- katika kikundi. Wakikuyu wana methali isemayo Kamuingi koyaga ndiri, yaani kikundi hunyanyua kinu. Kinu kizito hakimngojei shujaa. Chahitaji mikono kadhaa inayoinua kwa wakati mmoja. Mwaka ule ule Kenya ikapata uhuru, tarehe 12 Desemba, na vijana wale wa New York wakawa wamejifunga kwa neno la huko kwamba kazi yao itakuwa ya mikono mingi.

Walikutana siku za Jumapili katika nyumba zao wenyewe. Walikula, wakasikiliza muziki wa jazi, wakazungumza juu ya vitabu, filamu na siasa. Kisha picha zikawekwa mbele ya wote. Wanachama waliokumbuka siku hizo walisema kwamba maneno yalikuwa makali, na pengine yaliuma. Hata hivyo watu waliendelea kurudi. Sababu kubwa ni kwamba hapakuwa na hakimu asiyeweka chake mezani. Aliyeikosoa picha ya mwenziwe saa hii alijua kwamba saa ijayo yake itakosolewa. Usawa huo ulipunguza kiburi, kwa kuwa mwenye kutupa mawe naye alikuwa na nyumba ya vioo. Ulipunguza pia sifa za bure, kwa sababu aliyenyimwa ukweli leo hakuwa na wajibu wa kuutoa kesho.

Sababu ya pili ni kipimo. Kukosoa bila kipimo kinachokubaliwa ni kupiga kelele tu. Kadi ambazo kampuni ya Kodak ilizitoa ili kupimia rangi za picha zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa katika hesabu. DeCarava kwa upande wake alichapa picha zenye giza jingi, na ndani ya giza hilo mtu mwenye subira aliona daraja baada ya daraja za weusi, uso ukijitokeza polepole. Aliyezoea kanuni za vitabuni angeweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba picha hiyo imekosa nuru, na shauri lake lingeiharibu. Palihitajika watu waliojua kutofautisha giza la uzembe na giza la makusudi.

Vivyo hivyo kwa maana. Mwaka 1959 Draper alipiga picha ya nguo nyeupe zilizoanikwa kambani, akaiita Congressional Gathering, yaani mkutano wa Bunge. Asiyejua huona kufua. Anayejua kofia nyeupe za Ku Klux Klan huona kundi zima limesimama hewani, na jina la picha humkumbusha nani aliyetunga sheria za nchi. Mkosoaji asiyeweza kuisoma picha hiyo hawezi kuisahihisha.

Kupokea ni nusu ya pili ya kazi, na ndiyo nzito. Mtoaji huhitaji ujasiri wa dakika moja. Mpokeaji hubeba neno mpaka chumba cha giza, akiwa peke yake na karatasi na dawa, na hapo ndipo aamuapo kama neno lile lilikuwa la kweli. Kukubali kila jambo ni utumwa; kukataa kila jambo ni ukaidi. Walioishi vizuri na kukosolewa ni wale waliotenganisha picha na nafsi zao, wakachukua kilichoifaa kazi na kuacha kilichobaki. Jambo hili laonekana katika matokeo: picha za wanachama hazikufanana. Ukosoaji wa bwana mmoja huzaa vivuli vya bwana huyo, lakini ule wa wenzi uliacha kila mmoja na jicho lake.

Matunda yalikuja mapema. Mwaka 1964 kikundi kilifungua ukumbi wake Harlem, na onyesho la kwanza likaitwa Theme Black. Mwaka 1966 jarida la Camera la Uswisi likachapa picha zao za Harlem. Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika zaidi mwaka 1969, jumba la Metropolitan lilipoonyesha Harlem on My Mind bila kazi za wachoraji na wachongaji wa Harlem, na waandamanaji wakasimama mlangoni. Jumba kubwa lilikuwa na fedha na kuta, lilikosa masikio. Mwaka 1973 wanachama wa Kamoinge walishiriki katika kutoa The Black Photographers Annual, kitabu ambacho toleo lake la kwanza lilikuwa na dibaji ya Toni Morrison.

Kikundi hakikukosa ila. Mwaka 1965 kilionyesha picha chini ya jina The Negro Woman, hali wanachama wote walikuwa wanaume. Mwanamke wa kwanza, Ming Smith, alijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu waliojua vizuri hatari ya kutazamwa na wasiowajua hawakuona kwa muda wa miaka kadhaa kwamba wao wenyewe walikuwa wakiwatazama wengine hivyo. Nyani haoni kundule, na kundi la nyani halioni zaidi ikiwa wote wamekaa upande mmoja wa mti. Adabu ya kukosoana basi haitimii kwa ukweli na usawa wa waliomo peke yake. Hutaka pia kuulizana kila mara ni nani hayupo.

Draper alifariki mwaka 2002 na DeCarava mwaka 2009. Mwaka 2020 jumba la sanaa la Virginia, katika mji alikotoka Draper, lilifungua onyesho la kazi za kikundi hicho kwa jina la Working Together. Jina hilo ni tafsiri tu ya neno ambalo Fennar alilikuta kitabuni. Picha zilitundikwa kila moja na jina la mpigaji wake, kama ilivyo haki. Majina ya waliosema Jumapili moja kwamba picha fulani haijaiva hayakuandikwa popote. Kinu huonekana kikiwa juu. Mikono iliyokiinua haihesabiwi.