Kutoka Laana hadi Bidhaa: Riwaya ya Takadini na Ufundishaji wa Tofauti Darasani

Makala haya yanadhamiria kuchunguza historia ya kitabu kimoja darasani. Kitabu chenyewe ni Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1997, ikatafsiriwa kwa Kiswahili, na ambayo kwa miaka mingi ilisomwa katika shule za sekondari nchini Tanzania kwa lugha zote mbili. Ni riwaya ya vijana, na mhusika wake mkuu ni mtoto mwenye ualbino. Sifa za kifani za riwaya hii zimekwisha kuzungumziwa na wengine. Swali linalotushughulisha hapa ni la kihistoria: hutokea nini pindi kitabu kinapoandikwa kupinga hatari ya aina moja, kisha kikasomwa na kizazi kinachokabiliwa na hatari ya aina nyingine? Tutajaribu kuonyesha kwamba usomaji uliozoeleka, ambao huliweka tatizo lote chini ya anwani ya "mila potofu", umewanyima wanafunzi sehemu muhimu ya somo ambalo riwaya hii ingeweza kuwapa.

Kabla ya kuingia katika riwaya yenyewe, yafaa tuitazame lugha ambayo mwanafunzi huingia nayo darasani. Kiswahili kina maneno kadha ya jadi yanayowataja watu waliotofautiana na wenzao kimaumbile: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Yote yamo katika ngeli ya KI-VI. Haitufai kudai kwamba ngeli hiyo hudunisha daima, maana ndiyo pia ya kijana na kiongozi. Hata hivyo, neno kilema lina jambo la kutazamwa: hutaja dosari ya mwili, na papo hapo humtaja mtu mwenye dosari hiyo. Mtu na hitilafu yake hupewa jina moja. Neno zeruzeru nalo humtaja mtu kwa hali ya mwili wake pekee, na leo wengi miongoni mwa wanaoitwa hivyo hulikataa. Mabadiliko ya istilahi yaliyofuata, kutoka mlemavu hadi mtu mwenye ulemavu, na kutoka zeruzeru hadi mtu mwenye ualbino, yalikusudiwa kumtanguliza mtu na kuifuatisha hali yake. Msimamo huo ulipata nguvu zaidi baada ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Fauka ya msamiati, mwanafunzi huja na methali. Mbili ndizo maarufu: "Hujafa hujaumbika", na "Mcheka kilema hafi bila kumfika". Hapana shaka kwamba methali hizi zimewazuia wengi wasiwakejeli wenzao. Lakini tukizichunguza, tunaona kwamba uadilifu wake umejengwa juu ya hofu: usimcheke mwenzio, kwani lililompata litakupata. Hoja hiyo ina mashiko kwa upofu au kwa kupoteza mguu, mambo ambayo humfika yeyote wakati wowote. Kwa ualbino haina mashiko hata kidogo. Mtu huzaliwa nao au hazaliwi nao. Hakuna aliyelala bila ualbino akaamka nao. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyefundishwa kuheshimu tofauti kwa kuogopa kufikwa nayo hana sababu ya kumheshimu jirani yake mwenye ualbino. Panahitajika msingi mwingine, na hapo ndipo riwaya inapokuwa na kazi ya kufanya.

Takadini inatupeleka katika jamii ya Washona kabla ya ukoloni. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, anakaa miaka mingi bila mtoto. Anapojaliwa hatimaye, mtoto anazaliwa na ualbino. Jina analopewa, Takadini, kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Mila inataka mtoto kama huyo asiishi. Sekai anakataa. Anamchukua mwanawe, anatoroka usiku na kutembea hadi kijiji cha mbali, ambako anapokewa kwa tahadhari chini ya utawala wa Masasa na kutunzwa na mganga mzee aitwaye Chivero. Huko Takadini anakua, anatengwa na watoto wenzake, anajifunza kupiga mbira, na hatimaye anapendwa na Shingai. Wanaoana na kupata mtoto asiye na ualbino.

Nguvu ya kwanza ya riwaya hii imo katika jina. Swali "tumefanya nini?" linachukulia kwamba kuzaliwa kwa mtoto huyo ni adhabu, na kwamba yupo aliyekosa. Katika kijiji cha Makwati jibu linapatikana upesi: aliyekosa ni mama. Mwalimu mwenye maarifa ya leo ana nafasi nzuri hapa. Ualbino hurithiwa pale mtoto anapopokea jeni yake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, ilhali wazazi wenyewe huweza kuwa na ngozi ya kawaida. Makwati, kwa hivyo, amechangia kiasi kile kile alichochangia Sekai. Lawama yote kumwangukia mwanamke ni suala la mamlaka katika nyumba, na maumbile hayahusiki. Mwanafunzi akilielewa hilo, anaanza kuona kwamba hadithi ya tofauti ya mwili ni hadithi pia ya nani ana uwezo wa kumlaumu nani.

Historia ikaingilia kati. Kuanzia mwaka 2007 hivi, taarifa za mauaji ya watu wenye ualbino zilianza kuenea kutoka Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hususan Mwanza, Shinyanga na maeneo ya jirani. Mwaka 2008 mauaji ya aina hiyo yaliripotiwa pia mashariki mwa Burundi. Viungo vya marehemu vilikuwa vikiuzwa kwa waliotaka utajiri. Mnamo Januari 2009 serikali ya Tanzania ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mnamo Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Msomaji wa Kenya asidhani kwamba haya ni mambo ya jirani: mwaka 2010 mahakama mjini Mwanza ilimfunga raia wa Kenya aliyejaribu kumuuza Mkenya mwenzake mwenye ualbino.

Ni muhimu kulibainisha jambo moja, kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yetu. Katika riwaya, mtoto yumo hatarini kwa sababu anadhaniwa kuwa laana. Anatakiwa aondolewe ili jamii itakasike. Katika mauaji ya Kanda ya Ziwa, mtu alikuwa hatarini kwa sababu alidhaniwa kuwa mali, alitakiwa apatikane. Imani ya kwanza humfukuza, ya pili humwinda. Aidha, ya pili haikutoka moja kwa moja katika mila za kale. Utafiti wa Deborah Fahy Bryceson na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 uliyahusisha mauaji hayo na migodi ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, mahali ambapo bahati ndiyo humtenga tajiri na fukara na ambapo hirizi imekuwa bidhaa yenye bei. Hili ni zao la soko, na soko hilo ni la zama zetu.

Sasa turejee darasani. Maswali ya kawaida kuhusu Takadini humtaka mwanafunzi ataje dhamira: mila potofu, mapenzi ya dhati, malezi, nafasi ya mwanamke. Mwanafunzi hodari huandika kwamba jamii iachane na mila zilizopitwa na wakati, naye hupata alama zake. Jibu hilo si kosa. Tatizo lake ni kwamba linauweka uovu katika karne nyingine na katika nchi nyingine, miongoni mwa watu wasiosoma. Mwanafunzi anajiona yuko salama upande wa elimu, ilhali mnunuzi wa viungo huenda ni mtu mwenye fedha, mwenye simu na mwenye gari. Riwaya iliyokusudiwa kumsumbua msomaji inageuka kumliwaza.

Liko jambo jingine linalochoma zaidi. Wakati wa mauaji hayo, watoto wengi wenye ualbino walihamishwa kutoka vijijini mwao na kupelekwa kwenye shule na vituo vya bweni kama vile Mitindo huko Misungwi na Buhangija huko Shinyanga, ili walindwe. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Lakini matokeo yake ni kwamba huenda darasa fulani lilimjadili Takadini kwa makini huku dawati la mwenzao aliyefanana naye likiwa tupu. Safari ya Sekai ya usiku ilikuwa imerudiwa, safari hii kwa gari la serikali. Mwalimu aliyethubutu kuuliza, "Mwenzetu yuko wapi, na kwa nini yeye ndiye aliyeondoka?" alikuwa amefundisha riwaya hii kwa ukamilifu kuliko aliyeorodhesha dhamira kumi.

Haina maana kwamba riwaya yenyewe haina udhaifu. Tutataja miwili. Kwanza, Takadini anakubalika kijijini kwa kuwa ana kipaji. Anapiga mbira vizuri, ana hekima, ni mfuasi mwema wa mganga. Msomaji anampenda kwa urahisi. Lakini je, angekuwa mtoto wa kawaida tu, mvivu kidogo, mkaidi kidogo, asiye na sauti wala ala ya muziki? Haki ya kuishi haipaswi kulipiwa kwa vipaji. Watoto wasio na ualbino hawadaiwi malipo hayo. Pili, mtoto wa Takadini na Shingai anazaliwa bila ualbino, na tukio hilo linasomwa kama faraja. Kisayansi halina kasoro, kwani Shingai asipokuwa na jeni husika watoto wao hawatakuwa na ualbino. Kisanaa, hata hivyo, linamwachia msomaji hisia kwamba mwisho mwema wa tofauti ni kutoweka kwake. Mwanafunzi mwenye ualbino anayesoma ukurasa huo anaambiwa nini?

Udhaifu huu hauko kwa Hanson peke yake. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa nchini Kenya katika muongo wa 2010, Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wana watoto wenye ulemavu. Watoto hao wana kazi muhimu katika usimulizi: aibu ya baba na uchovu wa mama vinatufichulia udhaifu wa familia na kiburi cha msomi. Lakini wanabaki kuwa kioo cha wazazi wao. Matumaini yao wenyewe hatuyajui. Ukilinganisha, Hanson amepiga hatua kubwa. Takadini ana utoto, ana wivu, ana mapenzi, na tunayaona macho ya wengine kutoka upande wake. Hapo ndipo riwaya inapoizidi methali. Methali hunitaka nijihofie mimi. Riwaya hunitaka nikae kitambo ndani ya mtu ambaye sitakuwa yeye kamwe.

Basi mwalimu na afanye nini? Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, ayaweke maneno yenyewe ubaoni, zeruzeru na mtu mwenye ualbino, na awaache wanafunzi wajadili nani aliyemwita nani, na lini. Pili, aiambatanishe riwaya na historia ya baada ya 2007, ili tofauti ya laana na bidhaa idhihirike na mwanafunzi asiyaachie mababu makosa ya watu wa leo. Tatu, azungumzie mambo ambayo hayana msisimko wa mauaji: uoni hafifu wa mwanafunzi aliyeketishwa nyuma, na jua. Saratani ya ngozi imewaua watu wengi wenye ualbino katika Afrika Mashariki kuliko mapanga, nayo huzuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga. Darasa linalolia kwa ajili ya Takadini kisha likamlazimisha mwenzao asimame gwarideni kichwa wazi saa saba mchana halijaisoma riwaya.

Sekai hakuwa na hoja wala sheria alipotoroka. Alikuwa na mtoto mgongoni. Swali lililomo katika jina la mwanawe liliulizwa na wenye hofu, likielekezwa kwa mama. Kazi ya uhakiki, na ya darasa, ni kuligeuza swali hilo lielekee kwetu sisi tuliobaki kijijini: tumefanya nini?