Kingereza cha Nyarugusu, na walimu wake

Kila mara tunapoandika kwamba sehemu ya michango imeenda kwenye chaki na kaye za darasa la Kingereza, swali linarudi: Kindu watu wanasema Kiswahili, watoto wanasoma kwa Kifaransa, sasa Kingereza ni cha nini? Ili kujibu inabidi turudi nyuma, ng'ambo ya ziwa.

Vita ya 1996 ilipoanza, watu wa Uvira na Fizi ndio walivuka Tanganyika wa kwanza. Sisi wa Maniema tulifuata kwa njia ndefu, wengi kutoka Kabambare na Kasongo, zaidi kisha vita ya pili kuzuka Agosti 1998. Oktoba ya mwaka ule Kindu ikaangukia mikononi mwa RCD. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, ilikuwa imefunguliwa tangu 1996, na ya Lugufu mwaka uliofuata. Wazee wetu waliona kichekesho ndani ya safari ile. Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, kikipitia Ujiji na misafara ya akina Tippu Tip. Sasa sisi tunakirudisha kwa njia ile ile, mizigo kichwani na watoto mgongoni.

Na Kiswahili kilitusaidia, tusikatae, hata kama Watanzania walitucheka. Ukisema mtoto ameenda masomo, wanakuuliza masomo gani, wakati kwetu masomo ni shule yenyewe. Lakini kulikuwa milango ambayo Kiswahili hakikufungua. Makaratasi ya HCR yalikuja kwa Kingereza. Sheria ya wakimbizi ya 1998 ilitufunga kambini, kutoka ni kwa ruhusa, na mtu asiyeweza kutoka maisha yake yote yanapita kwenye makaratasi. Jina likikosewa herufi moja, familia inakuwa mbili.

Shule zetu kambini zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, juu ya siku ya kurudi. Hilo lilikuwa jambo la maana sana, na waliolishikilia tunawashukuru. Kwa hiyo Kingereza kikabaki cha mchana, kisha masomo ya asubuhi kwisha. Mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi kwa posho ndogo alirudi tena saa tisa, bure, na ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeusi. Kitabu kilikuwa English for Africa, kile ambacho wengi wetu tulikiona sekondari huku nyumbani. Nakala moja, darasa zima: mwalimu anaandika ubaoni, wengine wanakopi. Kulikuwa pia vijana waliomaliza sekondari kambini na hawakuwa na mahali pa kuendelea. Wao ndio walifundisha kwa moto zaidi, pengine juu ya kukaa bure kunaua.

Majirani walikuwa na masengenyo yao. Ukionekana na kitabu cha Kingereza, eti huyu tayari yuko Marekani. Ukisisitiza mtoto Kifaransa, huyu anarudi kesho.

Wamama ndio waligeuza madarasa yale. Walikuja kutafuta Kingereza, na ikaonekana kwamba wengi hawajawahi kushika kalamu. Walimu wakaacha good morning pembeni, wakaanza na a, e, i, o, u ya Kiswahili. Mama aliyejifunza kuandika jina lake ndani ya darasa lililoitwa la Kingereza, Kingereza chenyewe alipata maneno machache tu. Lakini alisoma karatasi yake ya posho, akaona kama idadi ya watoto ni sawa. Kisha darasa watu walibaki wakisomewa barua, wakijaziwa fomu, wakipewa habari ya aliyefiwa. Kazi ya chama hiki tuliijifunza pale, kabla chama hakijakuwa na jina.

Oktoba 2005 boti za kurudisha watu zilianza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Waliochagua kurudi Maniema walikuwa bado na barabara mbele: Fizi, Lulimba, Kabambare, Kasongo. Lugufu ilifungwa 2009, na waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Mwaka 2015 ukatangazwa mpango wa kupeleka Marekani zaidi ya wakimbizi 30,000 Wakongomani waliokuwa Tanzania. Familia zikagawanyika: mmoja Kindu, mmoja kambini, mmoja Marekani.

Ndiyo maana darasa lipo leo Kasuku na ng'ambo ya mto, Alunguli. Vijana wanakuja juu ya kazi na mashirika, ni kweli. Lakini angalieni viti vya mbele: kuna wakoko wanaotaka kusema na wajukuu kwa simu. Mtoto aliyezaliwa kule Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kingereza, na koko hapa Kindu anabaki na simu sikioni akicheka tu. Kwao tunafundisha maswali: umekula, umelala vizuri, baba yako yuko wapi, utakuja lini. Mjukuu naye anafundishwa kujibu kwa Kiswahili. Hapo ndipo tunawaomba ninyi mlio huko mtusaidie.

Jambo moja linatuuma. Walimu wale wa mchana hawana karatasi. Miaka waliyofundisha bure haiko katika faili yoyote. Mwalimu akienda kuomba kazi hapa anaulizwa matrikuli, anaulizwa vyeti vya utumishi, hana. Wengine wamekwisha kufariki. Kinachobaki ni kaye: orodha za wanafunzi, tarehe, masomo yaliyokopiwa ubaoni, mara nyingi na jina la mwalimu juu ya ganda.

Aliye na kaye ya namna hiyo, ya Nyarugusu ao ya Lugufu, ailete tuipige picha. Tutairudisha siku ile ile. Asiye na kaye lakini anakumbuka nani alifundisha, bloki gani na mwaka gani, aje aseme, tutaandika. Walioko Marekani watume kwa simu. Anzeni na zile zilizo chini ya kitanda, juu ya mchwa.