Kuta Hujengwa Tena: Nyumba Kuu ya Makerere na Kumbukumbu za Fizi na Baraka



Katika siku hizi za jubile tumeona vema kuwaletea habari za nyumba moja iliyo mbali na ziwa letu, ili ituamshe juu ya mambo yaliyo kwetu. Ni Nyumba Kuu ya Iniversite ya Makerere, mjini Kampala, inchini Uganda.

Uganda si inchi ngeni kwa imani yetu. Mwaka wa 1878 Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger alituma msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe katika Afrika ya kati. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine walielekea kwa Kabaka Mutesa, wengine walishika njia ya Ujiji. Hao wa Ujiji walivuka Ziwa Tanganika, na mwaka wa 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga, upande wa Ubwari, katika inchi yetu ya Fizi. Basi wakristu wa Kampala na sisi tu wana wa msafara mmoja. Ndiyo sababu wahiji wetu waendao Namugongo, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, hupanda pia kilima cha Makerere.

Masomo yalianza huko mwaka wa 1922 kwa vijana 14 tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mashini. Nyumba Kuu ilifunguliwa mwaka wa 1941. Miaka miwili baadaye aliingia Makerere kijana Julius Nyerere, ambaye alibatizwa mwaka ule ule wa 1943, na ambaye inchi yake ilikuja kuwapokea wengi wetu tulipokimbia vita. Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa, waliotawala Kenya na Tanzania, walisoma huko pia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto ulishika paa la nyumba ile, ukashuka ndani hata ukaiharibu kabisa. Watu walilia kama waliaji msiba. Lakini serikali ya Uganda ilitoa fedha, mafundi wakashika kazi, na mwaka wa 2024 nyumba ikafunguliwa tena, katika sura yake ya kwanza. Tukisimama mbele yake leo, tukiutazama mnara na saa yake, hatuoni alama yoyote ya kutuambia kwamba hapo paliwaka moto.

Hata hivyo moto ule uliunguza pia makaratasi ya ofisi. Ukuta ulioanguka, fundi huusimamisha tena akiwa na ramani. Lakini karatasi iliyoungua, isiyoandikwa mahali pengine, haina fundi.

Tufikiri sasa habari zetu wenyewe. Misioni ya kwanza ya Kibanga iliachwa baada ya miaka kama kumi tu, na Mapadri wakaendelea na kazi upande wa kusini, huko Kirungu. Twajua kwamba ilikuwako, kwa sababu Mapadri wale waliandika kila siku mambo waliyoyaona. Je, kama wasingaliandika?

Tena tukumbuke tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Siku ile Furere Vittorio Faccin aliuawa hapa Baraka, mbele ya kanisa. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha wakristu, alitoka akapiga magoti kando ya mwenzake, akauawa naye. Jioni waliuawa huko Fizi Padri Giovanni Didonè na Abé Albert Joubert, mwana wa Kapiteni Joubert aliyewalinda watu wa ziwa hili na wauza-watumwa. Eklezya haimtangazi mtu kuwa Mwenyeheri kwa uvumi. Huuliza walioona na kusikia, huandika maneno yao na kuyapima. Kwa sababu wazee wetu walikumbuka na kusema, tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Miaka 60 ilipita katikati. Wangapi kati ya walioona walikufa kabla ya kuulizwa? Na vita vilivyoanza mwaka wa 1996 vilituondolea wengine wengi, vikawatawanya wengine hata Nyarugusu.

Kwa hiyo tunawasihi. Tutakapomaliza kupaka rangi kanisa na kuimba Te Deum, tufanye na kazi isiyoonekana. Daftari za ubatizo na za ndoa zinakiliwe, na nakala yake ipelekwe Uvira. Majina ya makatekista wa kila kijiji yaandikwe, pamoja na ya wake zao waliowalisha wageni na kulea yatima. Kila kijana aliyejua kusoma amwendee mzee mmoja akiwa na kalamu, amwulize kwa heshima, aandike bila kuongeza neno.

Mungu Baba, aliyewapa wazee wetu nguvu ya kuamini, atupe na sisi bidii ya kukumbuka, ili watoto wetu wapate urithi ambao moto hauwezi kuuteketeza. Wenyeheri mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee.