Hati Iliyofufuliwa Bristol

Anayetafuta chimbuko la Magna Carta, yaani Hati Kuu, huelekezwa Runnymede, malishoni kando ya mto Thames, Juni 1215. Hapo Mfalme John wa Uingereza, aliyekwisha kupoteza Normandy mwaka 1204, alibanwa na makabaila wake hadi akayaridhia madai yao. Masimulizi hayo yanapendeza, ila hati yenyewe haikumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 24 Agosti Papa Innocent III aliitangaza kuwa batili, kwa hoja kwamba mfalme aliikubali kwa kushurutishwa. Vita vikazuka, na makabaila wakamwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje atwae kiti cha enzi.

Kwa maoni yangu, historia iligeuka Bristol, tarehe 12 Novemba 1216, na aliyeigeuza ni William Marshal.

Marshal hakuwa mwanamageuzi. Alikuwa mpiganaji wa farasi mwenye umri wa miaka 70 hivi, na mwaka 1215 alisimama upande wa mfalme. Utotoni aliwekwa rehani kwa Mfalme Stephen. Inasimuliwa kwamba baba yake, alipotishiwa kuwa mtoto atanyongwa, alijibu kuwa nyundo na fuawe za kufulia wana wengine bado anazo. Stephen akamhurumia mtoto. Sitaki kukikamua mno kisa hiki, lakini mzee huyu ndiye aliyekuja kuwapa maadui zake kile walichokipigania.

John alikufa Oktoba 1216, akamwacha Henry III mwenye miaka tisa, huku London ikiwa mikononi mwa waasi. Marshal, akiwa mlezi wa mfalme na ufalme, aliitoa hati upya. Kwa kuwa mtoto hakuwa na mhuri wake, ilitiwa mhuri wa Marshal na wa Guala, mjumbe wa Papa. Uzito wa tukio uko hapa: hati iliyolaaniwa kwa kuwa ya shuruti sasa ilitoka upande wa mfalme, na mwakilishi wa kiti kilekile kilichoilaani akaidhinisha. Waasi wakanyang'anywa hoja yao bila upanga kuchomolewa.

Wapo watakaosema Marshal aliing'oa hati meno. Ni kweli ibara ya 61, iliyowaruhusu makabaila 25 kukamata ngome na mali za mfalme akivunja ahadi, ilifutwa. Lakini ibara hiyo ilihalalisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakuna mfalme ambaye angeivumilia. Kilichobaki ndicho kilichodumu: mtu huru hafungwi wala hanyang'anywi mali ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Kufutwa kwa sharti lililomtaka mfalme apate ridhaa kabla ya kutoza kodi ni hasara kubwa zaidi, na hapo wakosoaji wana haki.

Hata hivyo, tazama mwaka 1217. Marshal alishinda Lincoln mwezi Mei, meli za Wafaransa zikapigwa karibu na Sandwich mwezi Agosti, Louis akaondoka. Mshindi hakuwa tena na haja ya kubembeleza mtu, lakini hati ikatolewa tena, safari hii pamoja na Hati ya Misitu. Ndipo ile ya kwanza ikaitwa Kuu, ili zisichanganywe. Marshal alifariki mwaka 1219. Mwaka 1225 Henry, akiwa na uhitaji wa fedha, aliitoa kwa mhuri wake mwenyewe, naye akapewa sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika za raia wake. Ridhaa iliyofutwa Bristol ikarudi kwa mlango wa hazina.