Korosho ya walima, na viwanda vya Newala vilivyonyamaza



Tukipanga chakula cha walima, korosho hatuisahau. Tunaitaka nyeupe na nzima. Iliyovunjika tunaiweka kando kwa kashata. Leo tuifuate hadi kusini, uwanda wa juu wa Wamakonde, Mkunya na vijiji vingine vya Newala, ambako mikorosho ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba.

Mti wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16. Kubangua nyumbani kukawa kazi ya kina mama: unachoma, unaponda moja moja, umejipaka majivu mikononi kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Lakini sehemu kubwa ya zao ilipakiwa melini ikiwa ghafi kwenda India, na ujira wa kubangua wakaupata wanawake wa Kerala.

Serikali ikataka ujira huo ubaki nchini. Kuanzia miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda 12, vingine vikiwa na mitambo ya Italia, vingine ya Japan. Newala ilipata, Masasi ikapata. Ubia mkubwa, wa kujivunia.

Tatizo, mitambo ilifika zao likiporomoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi; kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukakausha maua. Hata korosho chache zilizofika kiwandani zilivunjwa mno na mitambo, na soko la nje hulipa vizuri korosho nzima. Vipuri navyo vilitoka ng'ambo, fedha za kigeni hazipo. Milango ikafungwa. Majengo mengine yakageuzwa maghala ya korosho ghafi, zilezile zilizotarajiwa kubanguliwa humo!

Tunawatazama Wavietnamu kwa wivu kidogo, Allah atusamehe. Wao mafundi wao waliunda mashine zao wenyewe, wakazirekebisha mwaka hadi mwaka, na leo ndio wauzaji wakubwa wa korosho zilizobanguliwa duniani. Nyingine wanazinunua ghafi kwetu.

Kusini kwetu kilichoendelea ni kidogo zaidi: vikundi vya kina mama vyenye mashine ya kukata inayoendeshwa kwa mkono na mguu. Korosho huanikwa, hutiwa mvuke ganda lilainike, kisha hukatwa moja moja. Ni kazi ya polepole, na mgongo unauma, lakini korosho hutoka nzima. Kisu kikiwa butu hunolewa palepale, na chuma kikikatika hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea mjini, na jioni kazi inaendelea.