Baluni za Kongwa na Mityana: historia ya mvua ya kutengeneza

Upandaji wa mawingu, yaani kazi ya kutia chembe ndogo za chumvi, za barafu kavu au za iodidi ya fedha ndani ya wingu ili lidondoshe mvua au theluji ambayo pengine lisingeidondosha, ulifika Afrika Mashariki miaka michache tu baada ya kuvumbuliwa, na Uganda iliingia katika historia hiyo mwaka 1954, mwaka uleule ambao bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja.

Uvumbuzi wenyewe ulitokea Marekani, katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, ambako mwezi Julai 1946 Vincent Schaefer aligundua kwamba barafu kavu, ambayo ni kaboni dioksidi iliyogandishwa, ikitiwa katika ukungu wenye baridi kali huzalisha papo hapo fuwele nyingi za barafu. Mwezi Novemba aliimwaga kutoka ndegeni juu ya wingu la Massachusetts, na theluji ikaanza kushuka ingawa ilitoweka hewani kabla ya kugusa ardhi. Wakati huohuo mwenzake Bernard Vonnegut alionyesha kwamba iodidi ya fedha, ambayo fuwele zake zinakaribiana kwa umbo na zile za barafu, inafaa kwa kazi hiyohiyo. Njia zote mbili zinategemea tabia moja ya maji, kwamba matone madogo ya mawinguni huweza kupoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda mpaka yapate kitu cha kuyagandisha.

Mawingu ya namna hiyo hupatikana kwa wingi katika milima ya magharibi mwa Marekani, ambako dhoruba za majira ya baridi husukumwa na upepo kupanda mteremko uleule kwa saa nyingi, na ndiyo maana tangu miaka ya 1950 bonde la mto Kings huko California lilipandiwa mawingu ili theluji iongezeke mlimani na kuyeyuka polepole wakati mashamba na mitambo ya umeme inapohitaji maji.

Afrika Mashariki haikuwa na dhoruba za aina hiyo, ila ilikuwa na njaa ya mvua. Mwaka 1951 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, chini ya D. A. Davies ambaye baadaye aliliongoza Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ilifanya majaribio Kongwa, katika nchi kavu ya Tanganyika ambako mradi mkubwa wa karanga ulikuwa unakufa. Baluni zilipeleka baruti na chumvi iliyosagwa hadi karibu na kitako cha wingu, kwa sababu katika wingu lenye joto chumvi hunyonya unyevu na kukuza matone bila kuhitaji barafu. Majaribio yalirudiwa Kongwa na Amboseli mwaka 1952, kisha yakahamia Mityana, magharibi ya Kampala, kati ya Septemba na Desemba 1954. Kazi hii inastahili heshima kuliko inayopewa, kwa kuwa watafiti wale walikabili mapema swali lililousumbua ulimwengu kwa miongo mingi: je, mvua iliyonyesha baada ya baluni kupasuka isingenyesha hata hivyo? Mvua ya tropiki hubadilika mno kutoka siku hadi siku na kutoka shamba hadi shamba, hivyo jibu la hakika halikupatikana.

Miaka ya 1960 juhudi ziligeukia mvua ya mawe iliyoharibu majani ya chai Kericho na Nandi, nchini Kenya, kwanza kwa roketi za baruti, kisha kwa ndege zenye iodidi ya fedha.

Kwa upande wa theluji, ushahidi thabiti ulikuja mwaka 2017 katika jimbo la Idaho, ambako rada ziliona mistari ya theluji ikijitokeza ndani ya wingu kwa kufuata njia ya ndege, na matukio matatu ya Januari yakakadiriwa kuleta zaidi ya mita za ujazo 700,000 za maji.

Ushahidi huo hauwezi kuhamishiwa Uganda, kwa mfano Budondo karibu na Jinja, jinsi ulivyo. Mto Nile unaopita hapo kuelekea bwawa la Bujagali hutoka Ziwa Viktoria, na takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, si theluji iliyohifadhiwa mlimani. Mlima Elgon ulio juu ya Mbale una kimo cha mita 4,321 lakini hauna theluji ya kudumu, na tatizo la miteremko yake mara nyingi ni maji kuzidi, kama yalivyoonyesha maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 na mafuriko ya mito Nabuyonga na Namatala ya Julai 2022. Miradi ya Marekani ina kanuni za kusimamisha upandaji pindi hatari ya mafuriko inapopanda. Upande wa Elgon, kanuni hizo, pamoja na rada na vipimo vya mvua vya kuziendesha, zingepaswa kuwapo kabla ya ndege ya kwanza kuruka.