Meno Yaliyolika Pande Mbili: Projekta, Sauti na Historia ya Sinema Kampala

Wengi walioandika historia ya sinema Afrika Mashariki wameutazama ukumbi kutoka mbele: serikali iliruhusu filamu gani, watazamaji walicheka wapi, tiketi iliuzwa kwa nani. Chumba cha nyuma, alimokaa fundi na projekta yake, hakijapewa nafasi kubwa. Insha hii inaanzia humo. Hoja yangu ni kwamba uchakavu wa mashine ni ushahidi wa kihistoria sawa na barua ya gavana, na kwamba tukiusoma vizuri unatusaidia kueleza jambo moja la Kampala ya leo: kwa nini katika vibanda vya video vya Namuwongo sauti ya filamu hupunguzwa na sauti ya mtu ikapandishwa.

Maelezo mengi ya kiufundi nimeyapata kwa mzee mmoja wa Namuwongo, anayeishi karibu na reli. Aliwahi kuendesha projekta za milimita 35 mjini, na sasa anatengeneza redio na amplifaya. Ameomba nisimtaje jina. Nilikwenda kwake na maswali kuhusu filamu alizoonyesha. Yeye akanijibu kuhusu beringi.

Kando ya picha, kwenye utepe wa filamu, kuna mstari mwembamba wa sauti. Taa ndogo huumulika kupitia upenyo, na jicho la umeme upande wa pili hugeuza mwanga unaoongezeka na kupungua kuwa umeme, kisha amplifaya na spika humaliza kazi. Picha husogea kwa kusimama na kwenda, mara 24 kwa sekunde. Sauti haiwezi kusomwa hivyo. Inataka mwendo laini. Kwa hiyo huandikwa mbele ya picha yake, kwa takriban fremu 21 katika filamu ya milimita 35 na fremu 26 katika ile ya milimita 16, na fundi huacha kitanzi cha utepe kati ya lango la picha na ngoma ya sauti. Kitanzi kikizidi au kikipungua, midomo na maneno huachana.

Matatizo mengi hutoka hapo. Vumbi na mafuta kwenye lenzi ya upenyo huifanya sauti kuwa nzito, maneno yasishikike. Beringi ya ngoma ikilika, muziki huyumba: noti iliyotakiwa kunyooka hupanda na kushuka. Mwanga ukihama kidogo kuelekea ukingoni, jicho huanza kuyasoma matundu. Kila fremu ina manne kila upande, na manne mara 24 ni 96, basi spika hunguruma mitetemo 96 kwa sekunde. Lakini umeme wa Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde, na usiposafishwa vizuri kabla ya kufika kwenye taa ya sauti huleta mvumo wa 100. Sikio la kawaida halitofautishi 96 na 100. Mzee alinifundisha njia: zima mota, acha taa na amplifaya zikiwaka. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni mahali mwanga unapopita. Ukiendelea, tatizo ni umeme. Sijapata somo la mbinu za utafiti lililonieleza vizuri zaidi namna ya kutenganisha sababu mbili zinazofanana.

Tatizo la sauti lina umri katika eneo letu. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Wasimamizi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, hawakuiweka sauti kwenye utepe bali kwenye sahani za santuri, njia iliyoruhusu filamu ileile kuelezwa kwa lugha mbalimbali. Wazo lilikuwa zuri, tena la gharama nafuu. Udhaifu wa santuri ni huu: utepe ukikatika, na fundi akaondoa fremu 24 zilizoharibika ili auunganishe, picha huruka sekunde nzima na sahani haina habari. Baadaye Colonial Film Unit, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1939, ilitegemea sana filamu zisizo na sauti na mfasiri aliyesimama karibu na gari la sinema akiwa na maikrofoni. Mfasiri hana kitanzi wala beringi. Picha ikiruka, naye huruka.

Mjini Kampala biashara ya sinema ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu wenye asili ya Asia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Sisi tunapojadili tukio hilo darasani huhesabu maduka na viwanda. Mzee alihesabu spea. Taa za sauti na magurudumu ya meno vilitoka nje, na fedha za kigeni ziliadimika. Gurudumu la meno 16 huzunguka mara sita kwa sekunde, na kila jino hushika tundu na kuvuta. Baada ya muda jino hupinda kama ndoana. Haliliachii tundu, hulichana. Dawa ya kwanza ni kuligeuza gurudumu ili upande wa jino usiochoka ndio uvute. Hilo ni jambo la kawaida kwa mafundi popote. Ila hugeuzwa mara moja tu.

Kumbi kubwa zilipungua. Ile ya Norman, iliyokuwa maarufu, leo ni kanisa. Deki za video zikaleta vibanda, na vibandani akatokea VJ, anayeieleza filamu kwa Kiluganda huku ikiendelea, akitia utani na jina la mtaa wenu. Siku hizi mara nyingi maelezo yake hurekodiwa kabla. Mwenzangu mmoja alinipinga kwamba VJ ni suala la lugha, si la mitambo. Yuko sahihi kwa kiasi kikubwa, na sidai kwamba beringi mbovu ilimzaa VJ. Ninachosema ni kwamba alikuta watazamaji ambao kwa miongo mingi sauti ya mashine ilikuwa imewafikia imechakaa au haikuwafikia kabisa, na ambao walishazoea kumwamini mtu mwenye maikrofoni.

Mzee amehifadhi gurudumu moja ndani ya kopo la misumari. Meno yake yamelika pande zote mbili. Yaani lilitumika, likageuzwa, likatumika tena hadi mwisho, na badala yake halikuja. Inawezekana mwenye ukumbi alikuwa bahili tu, lakini mzee anakataa: pesa ilikuwepo, anasema, bidhaa ndiyo haikuwepo. Mwili wa projekta yenyewe uliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyeandika namba yake. Nilimwomba gurudumu hilo nilipeleke chuoni likahifadhiwe. Alikataa, kwa hiyo nimelipiga picha na kuyachora meno yote 16. Yeye anaamini bado linaweza kupata mashine.